Kidonge cha presha cha mamangu na mshenga wa pete mbili za kaboni

#1 MwanaMkomani (mleta uzi)

Assalaam aleikum jamaa.

Mamangu ana presha. Kila asubuhi baada ya chai humeza kidonge cha losartani cha miligramu 50. Juzi kabla ya kukimeza alikiweka kiganjani, akanitazama, akaniuliza: "Wewe si ndiwe mwalimu wa kemia? Haya, kitu hiki wamekiungaje?" Hakusema "wamekitengezaje". Alisema "wamekiungaje", na kwa kidonge hiki neno hilo ndilo lenyewe, maana kazi kubwa iko kwenye kiungo kimoja.

Nilimjibu barazani mpaka adhana ya adhuhuri. Naandika hapa niliyomwambia kwa sababu wanafunzi wangu wa hapa Lamu huyasoma mambo haya kwa Kiingereza, wakayakariri, na ukiwauliza kwa Kiswahili wananyamaza.

Ndani ya molekuli ya losartani mna pete mbili za benzeni. Benzeni si petroli ya boti, ingawa majina yanakaribiana. Ni atomu sita za kaboni zilizoshikana kwa duara. Michael Faraday aliitenga mwaka 1825 kwenye mafuta yaliyobaki baada ya kutengeneza gesi ya taa, na mwaka 1865 August Kekulé akapendekeza kwamba umbo lake ni pete. Katika losartani pete mbili za namna hiyo zimeunganishwa kaboni kwa kaboni, kwa bondi moja. Pete ya kwanza imebeba kikundi kiitwacho tetrazoli, pete ndogo ya nitrojeni nne na kaboni moja. Ya pili imebeba mkono unaokwenda kwenye sehemu nyingine ya dawa. Umbo zima ndilo linalokaa kwenye kipokezi cha angiotensini, homoni ya mwilini, likaizuia angiotensini isiibane mishipa ya damu.

Kwa nini bondi hiyo moja iwe taabu? Aliyezaliwa Mkomani, mtaa wetu hapa Lamu, ataelewa haraka. Katika mimenyuko mingi ya kaboni mgeni huingia kwa mlango wa nyuma wakati mwenyeji anatoka kwa mlango wa mbele. Kaboni ya kwenye pete haina mlango wa nyuma. Nyuma yake ndipo pete yenyewe ilipo, kama nyumba zetu zilizogandana ukuta kwa ukuta bila hata kichochoro. Juu na chini kuna wingu la elektroni linalomsukuma kila mgeni anayekuja na elektroni zake. Na ile atomu ya bromini au klorini unayotaka itoke, imeshika kaboni ya pete kwa nguvu kuliko inavyoshika kaboni ya kawaida.

Fritz Ullmann alipata njia mwaka 1901 kwa kutumia shaba. Lakini joto lilipita nyuzi 200, shaba ilihitajika kwa wingi unaokaribia wa vitu vyenyewe, na njia ilifaa zaidi kuunga pete na pacha wake. Ukitaka kuunga pete ya aina moja na pete ya aina nyingine, ulipata mchanganyiko wa zote: ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili, na ile uliyoitaka ikiwa imepotea katikati. Dawa kama ya mamangu haitengenezwi hivyo.

Aliyekuja kuzioza pete hizi ni paladiamu, chuma cha thamani. Nilimwambia mama: ni mshenga. Anakwenda nyumba hii, anakwenda nyumba ile, ndoa ikishafungwa anatoka, anakwenda kupeleka posa kwengine. Akaelewa papo hapo.

Maswali karibuni.

#2 Kaskazi_kidatochanne

Mwalimu shikamoo. Mimi nimesoma kwamba kichocheo, kama hiyo paladiamu, "huharakisha mmenyuko bila kubadilika". Sasa mshenga huyo kama habadiliki, anafanya nini hasa?

#3 MwanaMkomani

Marahaba mwanangu. Swali zuri, na ile sentensi ya kitabuni ndiyo inayowapoteza wengi. Kichocheo hubadilika, tena sana. Kinachotakiwa ni kwamba mwisho wa safari kirudi kilivyokuwa.

Chukua njia ya Suzuki, mwanakemia wa Japani. Pete ya kwanza tunaitia bromini. Pete ya pili tunaitia boroni, ikiwa katika umbo la asidi ya boroniki.

Paladiamu huanza katika hali ya sifuri, haijatoa elektroni. Inaikabili pete yenye bromini na kujipenyeza katikati ya kaboni na bromini. Haihitaji mlango wa nyuma, inaingia kwa ubavuni, na hapo ndipo ilipotushinda sisi. Bondi ya kaboni na bromini inakatika, na paladiamu inabaki imeshika pete mkono mmoja na bromini mkono wa pili. Hali yake sasa ni jumlisha mbili.

Kisha inakuja pete ya pili imebebwa na boroni. Boroni inaikabidhi pete kwa paladiamu, bromini inakwenda zake. Sasa paladiamu imeshika pete mbili, moja kila mkono.

Mwisho, pete hizo zikiwa bega kwa bega juu ya atomu moja ya chuma, zinashikana zenyewe. Paladiamu inaachia, inarudi sifuri, inatafuta bromini nyingine. Ndiyo maana kidogo kinatosha. Maabara hutumia atomu chache tu za paladiamu kwa kila molekuli mia za kuungwa, na kiwandani wanajitahidi iwe chini zaidi ya hapo.

Sasa tazama ufundi uliomo. Kwa nini haziungani pete mbili za bromini, au mbili za boroni? Kwa sababu kila upande una mlango wake. Mwenye bromini huingia kwa hatua ya kwanza tu, mwenye boroni kwa hatua ya pili tu. Ullmann hakuwa na milango miwili. Mimi kila nikiifikiria hatua hii naona ndiyo fikra nzuri kuliko zote katika kemia ya kaboni ya karne iliyopita, na nasema hivyo nikijua wengine watapinga.

#4 FundiMatondoni

Mwalimu nimesoma yote, na mimi si mtu wa kemia, ni fundi wa vyombo. Ila mfano wako una kasoro. Mshenga hamshiki bibi harusi mkono. Mshenga hupeleka maneno na kurudisha maneno. Kitu kinachoshika mbao mbili mpaka zikamatane, halafu kikafunguliwa na kufungwa kwenye mbao nyingine, ni jiriwa.

Halafu nina swali. Wazee wetu walikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja. Kamba ile ilibaki ndani ya chombo maisha yake yote. Hiyo paladiamu yenu hubaki ndani kama kamba ya mtepe, au hutoka yote kama jiriwa?

#5 MwanaMkomani

Fundi, nimekubali nusu. Katika hatua ya mwisho, ya kuziweka pete mbili bega kwa bega, jiriwa ni mfano mzuri kuliko wangu na nitautumia darasani. Lakini jiriwa haing'oi msumari. Paladiamu kwanza inaing'oa bromini kwenye kaboni, na hiyo ni kazi ya koleo. Kwa hiyo ni jiriwa yenye koleo. Na mshenga namuacha kwa sababu moja: anajua nani ametoka nyumba gani. Jiriwa itashika mbao zozote mbili utakazoiwekea.

Swali lako la kamba ni zito, nawaachia wanaoshughulika na dawa walianze.

#6 Bint_Shela

Mimi nafanya kazi duka la dawa, na swali la Fundi ndilo ninaloulizwa kwa maneno mengine: "Hizi dawa zina vyuma ndani?"

Ninachojua ni kwamba mwongozo wa kimataifa wa uchafu wa vyuma katika dawa unaweka kikomo cha paladiamu kwa dawa ya kumeza kuwa mikrogramu 100 kwa siku. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kiwanda kinatakiwa kuthibitisha kiko chini ya hapo. Wanaitoaje, hapo naomba wataalamu.

Na jambo jingine nataka liwe wazi kabla mtu hajasoma uzi huu nusu: asiache dawa yake ya presha kwa kusikia neno "paladiamu". Na mama mjamzito, au anayedhani ana mimba, asimeze losartani, amuone daktari abadilishiwe. Hilo la pili lina hatari halisi kwa mtoto, kuliko chuma chochote tunachozungumza hapa.

#7 Wa_Malindi

Salaam kutoka Malindi. Nimekaa maabara ya chuo miaka kadhaa nikifanya mimenyuko hii hii, niongeze na nisahihishe kidogo.

Kwanza Bint Shela, kuitoa. Paladiamu iliyobaki hunaswa na vitu vinavyoipenda: vikundi vya salfa vilivyopandikizwa kwenye chembe za silika, au kaboni amilifu. Kaboni amilifu mara nyingine hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Vile vifuu tunavyochomea jikoni, vikichomwa kwa utaratibu wake, huwa na vitundu vingi vidogo sana vinavyonasa vyuma na rangi. Kisha dawa hufanywa fuwele, uchafu ukabaki kwenye kiyeyushi. Kwa hiyo Fundi, hutoka kama jiriwa, lakini kwa kazi, haitoki yenyewe.

Pili, mwalimu umeruka besi, yaani kinyume cha asidi, na bila besi hakuna Suzuki. Boroni katika asidi ya boroniki ina bondi tatu tu, ina njaa ya elektroni, na haiiachii pete yake. Ukitia besi, mathalani kaboneti ya sodiamu kwenye maji, mazingira yanabadilika: boroni inaweza kupata mkono wa nne wa oksijeni, au oksijeni hiyo ikaanzia kwenye paladiamu ikaja kuishika boroni. Njia ipi kati ya hizo mbili ndiyo kuu, wanakemia wamebishana sana, na inategemea vitu ulivyochanganya. Kwa vyovyote, pete inaachiliwa.

Tatu, tarehe. Akira Suzuki na Norio Miyaura walichapisha kazi yao ya kwanza ya aina hii mwaka 1979, lakini boroni yao ilikuwa kwenye kaboni za bondi mbili, si kwenye pete. Kuunga pete kwa pete kwa asidi ya boroniki kulitoka mwaka 1981: paladiamu yenye fosfini nne (molekuli za fosforasi zinazoishika), kaboneti ya sodiamu ya maji, ndani ya benzeni inayochemka.

Nne, mtu asidhani ni rahisi. Mara yangu ya kwanza chupa ilikuwa ya manjano, nikaona inageuka kahawia, kisha nyeusi kama masizi. Paladiamu ilikuwa imekufa: atomu zake zimekimbiliana zikawa chembe za chuma, haziungi tena. Fosfini zile kazi yake ni kuizuia isikimbiliane. Pia sikuitoa hewa vizuri. Oksijeni ikiingia, pete za boroni huungana zenyewe kwa zenyewe, na nilipata uchafu huo kwa wingi kuliko nilichokitaka. Baadaye nilipitisha nitrojeni ndani ya kiyeyushi nusu saa nzima kabla ya kuanza, ikakaa sawa.

#8 MwanaMkomani

Ahsante sana, ndugu. Nimepokea yote, hasa la besi.

Niongeze kwa nini boroni, maana Suzuki hakuwa wa kwanza kutumia milango miwili. Mwaka 1972 Makoto Kumada kule Japani na Robert Corriu Ufaransa, kila mmoja kivyake, waliunga kwa nikeli na vitendanishi vya magnesi. Shida ya magnesi ni ukali: inashambulia maji, inashambulia vikundi vingi vyenye oksijeni kwenye molekuli. Ukiwa na molekuli iliyojaa mapambo kama dawa, inaharibu mapambo. Ei-ichi Negishi akaleta zinki, mpole zaidi. John Stille akaleta bati, linalovumilia mengi, lakini misombo yake ina sumu na ni taabu kuisafisha. Boroni ndiyo iliyopata yote: haiogopi maji, hukaa kwenye chupa rafuni, na mabaki yake hayana sumu kubwa.

Kwa losartani yenyewe, wanakemia wa kampuni ya Merck walieleza mwaka 1994 njia ambayo pete yenye tetrazoli ndiyo iliyobeba boroni, na pete ya pili ndiyo iliyobeba bromini. Viwanda vina njia zaidi ya moja ya kuipata bondi ile, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kidonge cha mama kimepitia njia hiyo hasa.

#9 NahodhaMstaafu

Mimi nauliza ya bei. Paladiamu si ni mali ya thamani kama dhahabu? Inatoka wapi, na mtu wa kawaida anaonaje dawa kuwa rahisi ikiwa imepitia mali kama hiyo?

#10 Wa_Malindi

Nahodha, ni ya thamani, ndiyo, kuna miaka iliipita dhahabu kwa bei. Wachimbaji wakubwa ni Urusi na Afrika Kusini, na Zimbabwe pia inachimba kwenye ule mwamba mrefu uitwao Great Dyke. Nyingi haiendi kwenye dawa. Huenda kwenye bomba za moshi za magari ya petroli, kusafisha moshi. Lamu kisiwani mnakokwenda zaidi kwa punda na mashua hamuioni sana, lakini hapa Malindi inapita barabarani kila dakika chini ya magari.

Dawa inakuwa rahisi kwa sababu atomu moja ya paladiamu inarudia kazi mara mamia au maelfu, na inayobaki hukusanywa na kusafishwa tena. Mshahara wa mshenga mmoja umegawanywa kwa ndoa elfu. Hata hivyo wanakemia wanatafuta wa bei nafuu. Nikeli inafanya kazi nyingi kati ya hizi, hata kwenye klorini iliyo ngumu kung'oka, ila mara nyingi huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Kwa paladiamu, klorini ilifunguka vizuri kuanzia mwaka 1998, kundi la Gregory Fu na la Stephen Buchwald walipotumia fosfini nono zenye elektroni nyingi. Hilo lina maana kwa bei, kwa sababu misombo ya klorini kwa kawaida ni rahisi kuliko ya bromini.

#11 MwanaMkomani

Nahodha, kuna sehemu nyingine ya bei ambayo mimi naithamini. Suzuki hakuichukulia hataza njia yake. Aliyetaka kuitumia aliitumia. Mtu aliyezaliwa Mukawa, Hokkaido, mwaka 1930, akaiacha mikononi mwa kila mwenye maabara, na leo iko kwenye dawa, kwenye dawa za ukungu za mashambani kama boskalidi, na kwenye vioo vya simu. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Negishi na Richard Heck wa Marekani. Heck ndiye aliyetangulia kuonyesha jinsi paladiamu inavyoiunga pete na kaboni ya bondi mbili, na wakati wa tuzo alikuwa amestaafu anaishi Ufilipino. Suzuki na Negishi wote walipita katika maabara ya Herbert Brown, Chuo Kikuu cha Purdue, mtu wa boroni. Ukiona chuo kimoja, mwalimu mmoja, wanafunzi wawili wa tuzo, unajua ualimu una uzito gani.

#12 Bint_Shela

Mwalimu nina moja. Mwaka 2018 dawa za valsartani zilirudishwa nchi nyingi kwa sababu ya uchafu unaoweza kuleta saratani. Valsartani na losartani ni ndugu, zote zina pete mbili na tetrazoli. Je, ni hiki kiungo cha paladiamu kilicholeta?

#13 Wa_Malindi

Hapana, dada, na vizuri umeuliza. Uchafu ule unaitwa NDMA, kifupi cha nitrosodimethilamini, na ulitoka kwenye hatua ya kutengeneza tetrazoli. Kuna kiwanda kilibadilisha kiyeyushi na kemikali za hatua hiyo. Kiyeyushi chenyewe, dimethilifomamidi, kikivunjika hutoa dimethilamini. Nitriti iliyotiwa mwishoni kuua azidi iliyobaki (kemikali inayoundia tetrazoli) ikakutana na amini hiyo ndani ya asidi, NDMA ikazaliwa. Bondi ya pete mbili haikuhusika. Kilichonisikitisha ni kwamba mmenyuko wa amini na nitriti umo kwenye vitabu vya chuo tangu zamani. Ulihitaji mtu mmoja tu wa kuuliza: "Tukibadilisha hiki, kitakutana na nani?"

#14 Kaskazi_kidatochanne

Mwalimu, tumefanya ulivyotuambia darasani. Tumechukua ndimu sita na njiti za meno tukaunda pete, tukaunda ya pili, tukaziunga kwa njiti moja. Zililala juu ya meza vizuri. Halafu tukaongeza tetrazoli ya ndimu tano kwenye kona iliyo jirani na kiungo. Hapo ikakataa kulala! Ndimu za tetrazoli zinagongana na za pete ya pili, na ukilazimisha njiti inavunjika. Ikabidi tuizungushe pete moja isimame. Tumekosea wapi?

#15 MwanaMkomani

Hamkukosea popote. Mmeona kwa mikono yenu umbo la dawa. Hata pete mbili tupu, zikiwa mvuke, hazilali sawa: zimejipinda kama nyuzi 44, kwa sababu haidrojeni za jirani zinasukumana, nanyi hamkuziweka haidrojeni ndiyo maana zenu zililala. Ukiweka kitu kinene kama tetrazoli jirani na kiungo, pete zinapindana zaidi. Kwa kupinda huko tetrazoli inaelekea upande unaofaa kwenye kipokezi. Bondi ile moja inafanya kazi mbili: inashika, na inaacha pete zizunguke mpaka zipate mkao wake.

Ndimu zitaoza kabla ya wiki kuisha. Fundi wa Matondoni, ukisoma hapa, unaweza kututengezea ya mbao?

#16 FundiMatondoni

Nipe vipimo.

#17 MwanaMkomani

Kaboni kwa kaboni ndani ya pete ni pikomita 139, na ile ya katikati inayounga pete mbili ni kama 149. Tufanye pikomita moja iwe milimita moja. Basi katikati ya tufe na tufe, ndani ya pete sentimita 13.9, na kiungo cha katikati sentimita 14.9. Pembe za pete mbili za benzeni nyuzi 120 zote. Tetrazoli ni pete ya kona tano, fanya pande zake zipungue kidogo, sentimita 13 na nusu hivi. Pete zote bapa, zisipinde.

#18 FundiMatondoni

Nimeandika. Vipande vya mbambakofi vilivyobaki kwenye jahazi vinatosha. Ndani ya pete nitatia gundi. Kiungo cha katikati nitakitia kijiti cha duara bila gundi, kikaze lakini kizunguke. Mtume mmoja wa wanafunzi Alhamisi baada ya alasiri, aje na mashua ya saa kumi.